Habari Itangulie Ugonjwa: Historia ya Homa ya Mafua ya 1918 na Maandalizi ya Kambi Yetu

Na mjumbe wa Kamati ya Afya



Kila ifikapo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunawakumbuka wenzetu waliofariki njiani na wale waliofariki baada ya kufika kambini. Tukiwauliza wazee na akina mama habari za marehemu hao, tunakuta kwamba wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, surua, malaria na kichomi. Vita viliwatoa nyumbani, na ugonjwa ukawamalizia safarini. Kwa sababu hiyo kamati imeona vema toleo hili la kumbukumbu lieleze historia ya ugonjwa mmoja ambao watu huudharau kwa kuwa wameuzoea. Ugonjwa huo ni homa ya mafua.

Neno "mafua" lina hatari yake. Mimi ni mhamasishaji wa afya, na nikipita nyumba kwa nyumba nikitaja mafua, watu hucheka. Husema mafua ni ya watoto na ya msimu wa baridi, hunywewa chai ya moto yakaisha. Ni kweli kwamba mafua ya kawaida huisha yenyewe. Lakini homa ya mafua ni ugonjwa mwingine, wenye virusi vyake. Huanza ghafla kwa homa kali, kikohozi na maumivu ya mwili mzima, na mtu huanza kuwaambukiza wenzake siku moja hivi kabla hajajisikia mgonjwa. Virusi vyake hubadilika kila mara. Pengine hutokea aina mpya kabisa, kutoka kwa ndege au nguruwe, ambayo miili ya watu haijaizoea. Hapo ugonjwa huzunguka dunia nzima kwa miezi michache. Jambo hilo lilitokea mwaka 1918, 1957, 1968 na 2009. Hakuna mtaalamu anayesema halitatokea tena.

Ugonjwa uliofichwa na vita

Mwaka 1918 Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaelekea mwisho. Mamilioni ya askari walikuwa wamebanana katika makambi, meli na magari moshi. Homa ya mafua ilipoanza kuenea kati yao, serikali zilizokuwa vitani hazikutaka adui ajue kwamba majeshi yao yanaugua, kwa hiyo magazeti yao yalizuiwa kusema wazi. Hispania haikuwa vitani, na magazeti yake yaliandika habari za wagonjwa bila kuficha. Matokeo yake ni kwamba dunia nzima iliuita ugonjwa ule "homa ya Kihispania", ingawa haukuanzia Hispania. Nchi iliyosema ukweli ndiyo iliyobandikwa jina la ugonjwa. Sisi tunaoishi kambini tunalijua jambo hili: anayetoa taarifa mapema mara nyingine huogopa kwamba atalaumiwa yeye.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 walikufa duniani, na katika bara la Afrika karibu milioni 2. Ajabu ya ugonjwa ule ni kwamba haukuwachukua wazee na watoto wachanga tu. Uliwaua sana watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, yaani wanaolima, wanaochota maji na wanaolea.

Njia za meli, reli na wapagazi

Tarehe 15 Agosti 1918 meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Mantua ilitia nanga Freetown, Sierra Leone, ikiwa na mabaharia wapatao 200 wagonjwa. Bandari ile ilikuwa kituo cha meli kujaza makaa ya mawe. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, vibarua 500 kati ya 600 wa kupakia makaa hawakufika kazini. Walikuwa wamelala wagonjwa majumbani. Meli nyingine zilizopita pale ziliubeba ugonjwa hadi kusini. Katikati ya Septemba meli zenye askari wa vibarua waliokuwa wakirudi kutoka Ulaya zilifika Cape Town. Wanaume wale waliwekwa chini ya uangalizi kwa siku chache, kisha wakaruhusiwa kupanda magari moshi kwenda makwao. Kila stesheni ya reli ikawa mlango wa ugonjwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba Afrika Kusini ilipoteza watu wapatao 300,000, wengi wao katika muda wa wiki sita hivi. Kutoka huko reli iliupeleka ugonjwa Rhodesia, kisha Katanga nchini Kongo.

Upande wetu wa mashariki, homa ile iliingia Mombasa mwezi Septemba 1918 kwa meli zilizotoka India, ikapanda reli hadi Nairobi na kuendelea Uganda. Tanganyika ilishambuliwa kutoka pande zaidi ya moja, yaani pwani, kaskazini na mpaka wa kusini magharibi, ambako njia za jeshi zilikuwa zimejaa wapagazi.

Hatuna budi kuwataja wapagazi hao. Katika vita vya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na zaidi ya 95,000 wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam limepata jina lake kwao: kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa Kiswahili. Wabelgiji nao walichukua wapagazi wengi kutoka Kongo. Wanaume walitolewa mashambani, ng'ombe na nafaka zikachukuliwa na majeshi ya pande zote. Huko Ugogo, katikati ya Tanganyika, njaa iliyoitwa Mtunya ilianza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920. Kwa hiyo homa ya mafua haikuwakuta watu wenye afya. Iliwakuta wamekonda, ghala ni tupu, na walio wengi wako safarini.

Mkoa huu wa Kigoma una sehemu yake katika habari hii. Tangu mwaka 1916 mji wa Kigoma ulikuwa mikononi mwa Wabelgiji waliotoka Kongo, na ulibaki hivyo hadi 1921. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Lilikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi na wafuasi zaidi ya 1,500. Homa ya mafua ilikuwa imekwisha kuingia katika safu zao. Walipelekwa hadi ziwani, wakavushwa kwa vyombo vya majini mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma wakapanda gari moshi kwenda Tabora. Baadhi yao walionusurika miaka minne ya risasi walikufa kwa kichomi vita vikiwa vimekwisha. Ziwa hili hili na reli hii hii ndizo zilizowabeba wengi wetu tulipokuja. Njia ya mkimbizi, ya askari na ya mfanyabiashara ni moja, na ugonjwa nao huitumia hiyo hiyo.

Somo la Kimberley

Msomaji anaweza kuuliza, je, ugonjwa kama huo ukiingia mahali penye watu waliosongamana huwaje? Historia inao mfano wa karibu sana na kambi. Katika migodi ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini, vibarua Waafrika walikuwa wakiishi ndani ya kampaundi, yaani mabweni yaliyozungushiwa ua. Walilala wengi katika chumba kimoja na walikula kwa mgao. Mwezi Oktoba 1918 homa ya mafua iliingia humo. Kati ya vibarua wapatao 11,000, zaidi ya 2,000 walikufa katika muda wa majuma machache. Waliobaki wakadai waruhusiwe kuondoka. Waliporuhusiwa, walipanda magari moshi, na wengine wakaupeleka ugonjwa hadi vijijini mwao.

Tukio hili lina mafundisho mawili. La kwanza, msongamano huuzidisha ugonjwa, na ua hauwezi kuuzuia ukiwa umekwisha kuingia. La pili, watu wasiopewa habari wala matunzo hukimbia, na hawastahili kulaumiwa kwa kukimbia. Sisi tulikimbia pia tulipoona hakuna wa kutulinda. Kwa hiyo anayetaka watu watulie mahali wakati wa ugonjwa, sharti kwanza awape sababu ya kutulia: maji, chakula, dawa na maelezo ya kweli.

Visiwa viwili, habari moja

Sasa tuvuke bahari hadi visiwa vya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki. Ni mbali, lakini hakuna mahali palipoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya kujiandaa na kutojiandaa. Watu wa visiwa hivyo ni wa kabila moja na lugha moja, ila wakoloni waliwagawa. Samoa Magharibi ilikuwa koloni la Ujerumani kama Tanganyika, na mwaka 1914 ilitekwa na New Zealand. Samoa ya mashariki ilikuwa chini ya Marekani.

Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilifika Apia, mji mkuu wa Samoa Magharibi, ikitokea Auckland. Ndani yake walikuwamo wagonjwa. Hata hivyo abiria waliruhusiwa kushuka. Katika muda wa miezi michache watu wapatao 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja katika kila watano. Wakati ule ule gavana wa upande wa Marekani, John Martin Poyer, alisikia habari za ugonjwa kwa simu ya upepo. Hakungoja kuagizwa. Aliweka karantini kwa meli zote, na wanavijiji wenyewe wakalinda fukwe usiku na mchana ili mashua ndogo zisivuke kwa siri. Upande huo hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Poyer alitoa habari pia kwamba yuko tayari kusaidia upande wa pili, lakini msaada wake haukupokelewa na mtawala wa huko. Miaka 84 baadaye, mwaka 2002, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi watu wa Samoa.

Tusikosee kuisoma habari hii. Kambi yetu si kisiwa, nasi hatuwezi kufunga bahari. Malori ya chakula lazima yaingie, wafanyakazi wa mashirika hulala mjini na kurudi asubuhi, na jirani zetu Watanzania hukutana nasi sokoni. Tena ipo hatari ya mtu kusoma habari za Samoa na kudhani dawa ni kuwafungia wakimbizi. Kilichowaokoa watu wa upande wa Marekani si ua. Habari iliwafikia mapema, kiongozi akaifanyia kazi siku ile ile, na wananchi wakaielewa hata wakaikubali kuwa kazi yao.

Ni nini hasa kiliua?

Mwaka 1918 hakuna aliyejua kirusi cha homa ya mafua. Kiligunduliwa kwa binadamu mwaka 1933 na watafiti wa Uingereza. Hapakuwa na chanjo ya kufaa, wala penisilini, ambayo iligunduliwa mwaka 1928. Wengi waliokufa waliuawa na kichomi kilichofuata baada ya homa, mapafu yakiwa yamedhoofika. Madaktari walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa jeshini.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo vitabu vya dawa huisahau. Nyumba nzima iliugua kwa wakati mmoja. Mama, baba na mtoto mkubwa wote walilala, na hapakuwa na wa kuwasha moto wala wa kuchota maji. Huko Samoa Magharibi kulikuwa na familia ambazo hazikuwa na mtu wa kwenda kutafuta chakula. Mgonjwa ambaye angepona kwa kupewa maji na uji alikufa kwa kiu na udhaifu. Mjini Cape Town wananchi walipoliona hilo walijigawa kwa mitaa, wakafungua vituo vya kutoa supu na dawa, na watu wa kujitolea wakaenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliolala. Hawakuwa na dawa ya kuua ugonjwa ule. Walikuwa na sufuria, blanketi na orodha ya nyumba. Baada ya msiba, mwaka 1919, Afrika Kusini ilitunga sheria ya afya ya jamii na kuunda idara ya kuisimamia. Laiti ingefanya hivyo kabla.

Miaka 76 baadaye jambo kama hilo lilionekana karibu nasi. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka na kuingia Goma, Kongo, katika siku chache tu. Ugonjwa wa safari ile haukuwa mafua. Ulikuwa kipindupindu, na baadaye kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, na walio wengi walifia nje ya vituo vya afya, njiani au chini ya shitingi. Mahema ya matibabu yalikuwapo, lakini mgonjwa hakuyafikia, na hapakuwa na watu wa kutosha wa kumfuata alipolala. Wauguzi wa Goma na wale wa Cape Town walikuta neno lile lile: katika mlipuko mkubwa, hospitali ya kwanza ni nyumba ya mgonjwa.

Dunia ilivyoanza kujiandaa

Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mtandao wa maabara za kufuatilia virusi vya homa ya mafua. Mwaka 1997 mafua ya ndege yalizuka Hong Kong. Waliambukizwa watu 18, wakafa 6, na kuku zaidi ya milioni moja wakachinjwa ili kuukata ugonjwa. Mwaka 2002 mafua ya kawaida ya msimu yaliingia vijiji vya milimani huko Madagaska, hasa mkoa wa Fianarantsoa. Waliugua watu zaidi ya 30,000 na kufa zaidi ya 700, wengi wao watoto wadogo. Kirusi chenyewe hakikuwa cha ajabu, kwani nchi nyingine zilikuwa zikikiona kila mwaka. Kilichokuwa kibaya ni utapiamlo na umbali wa kufika kwenye matibabu. Sisi tunaotegemea mgao, ambao umepunguzwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, tuitafakari sana habari ya Madagaska.

Mwaka 2006, hofu ya mafua ya ndege ilipokuwa kubwa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu kwa mashirika yanayohudumia wakimbizi na watu waliohamishwa, ukaeleza namna ya kujiandaa kwa mlipuko wa homa ya mafua makambini. Mwaka 2008 ulitolewa tena baada ya kupitiwa upya. Mafundisho yake makubwa ni ya kawaida kabisa: kambi iwe tayari kujitegemea kwa muda endapo magari na wafanyakazi hawataweza kufika, wahudumu wa afya walindwe, wagonjwa wengi wauguzwe nyumbani, na jamii ipewe habari kabla.

Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mlipuko wa dunia wa kirusi kipya, ambacho watu walikiita mafua ya nguruwe. Nchini Kenya, katika kambi za Dadaab na Kakuma, wahudumu walikuwa wamekwisha anza, miaka michache kabla, kuchukua vipimo vya pua na koo kwa wagonjwa wa kikohozi na homa. Kwa hiyo kirusi kile kilipoingia kambini kilitambuliwa. Bahati nzuri hakikuwa kikali kama cha 1918. Chanjo, hata hivyo, ilichukua miezi kutengenezwa, na nchi maskini ziliipata mwishoni. Ilipokuja korona mwaka 2020 tuliyaona hayo tena: ndoo za kunawia mikono zilifika kwanza, maneno ya uvumi yakafika kabla ya ndoo, na chanjo ikachelewa kuliko vyote.

Neno kwa wahudumu wa afya

Historia hii inatuonyesha kwamba maandalizi ya mhudumu huanza katika siku za kawaida. Yule msimamizi wa bandari ya Freetown aliyeona vibarua 500 hawapo kazini alikuwa na taarifa ya mlipuko mkononi mwake. Hapa kambini taarifa hizo tunazo kila siku. Mwalimu huona darasa limepungua nusu. Kiongozi wa bloku huona nyumba tatu jirani hazijafungua mlango. Mhamasishaji huandika vikohozi vingi kuliko juma lililopita. Daftari hilo lisomwe juma lile lile, lisingoje mwisho wa mwezi.

Mhudumu akumbuke pia kwamba homa kambini huitwa malaria kwa haraka. Kipimo cha malaria kikisema hapana na mtoto bado anakohoa, ahesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, huenda ana kichomi. Mtoto anayevuta mbavu ndani, anayeshindwa kunyonya au anayelegea apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kuua bakteria haziui kirusi cha mafua, lakini humwokoa mwenye kichomi cha bakteria. Ndiyo maana hazifai kugawiwa ovyo wala kununuliwa vipande sokoni, ili zisikosekane au kukosa nguvu siku ya haja.

Tena mhudumu ni mtu, na huugua. Kila kituo cha afya kijiulize leo: wauguzi wawili wakilala, nani atashika zamu? Barakoa na sabuni zikifika ishirini, je, mhamasishaji anayeingia nyumba thelathini kwa siku atahesabiwa, au ataonekana si mfanyakazi kamili? Mkunga wa jadi je, na kijana wa sungusungu anayesimama mlangoni?

Neno kwa wananchi

Kwetu sisi wakazi, maandalizi si jambo la kuogofya. Kila nyumba ikubaliane mapema na nyumba moja jirani: ninyi mkilala, sisi tutawachotea maji na kuwapikia uji, na sisi tukilala, ninyi mtafanya hivyo. Mapatano haya hayahitaji fedha za mfadhili. Mgonjwa alazwe upande wake karibu na dirisha au mlango, ahudumiwe na mtu mmoja, anyweshwe mara kwa mara, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni. Mwenye kikohozi azibe mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko, na asiende kwenye foleni ya mgao, bali amtume mwingine.

Tuache pia tabia ya kuwanyoshea vidole waliofika karibuni. Mwaka 1918 kila mji ulimlaumu mgeni, na wakati wakilaumiana ugonjwa ulikuwa umekwisha ingia kwa wenyeji wenyewe. Mtu akiogopa kusemwa atamficha mgonjwa wake, na mgonjwa aliyefichwa ndiye anayeambukiza bloku nzima.

Neno kwa mashirika

Wafanyakazi wa mashirika husoma bulletini hii, nasi tunawashukuru. Wamekaa nasi katika misiba. Kwa heshima tunawaambia haya. Ikiwa upo mpango wa mlipuko wa homa ya mafua kwa kambi hii, usomwe mbele ya kamati kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa lugha nyingine za wakazi, tena kabla ya siku ya hatari. Mpango uliofungiwa kabatini hauwezi kumnywesha mgonjwa uji. Ikiwa mikusanyiko itazuiwa, mgao upangwe upya kwanza. Wakati wa korona baadhi ya kambi zilitoa mgao wa miezi miwili kwa mara moja ili kupunguza foleni, na jambo hilo linawezekana. Na ikiwa kuna habari mbaya, tuambieni mapema. Watu waliopita tuliyopita hawavunjwi moyo na habari mbaya. Huvunjwa moyo wanapogundua kwamba walifichwa.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Freetown, Kimberley, Apia na Goma walinyolewa bila maji. Waliolala kaburini katika makaburi yetu, ambao leo tunawawekea maua, hatuwezi kuwarudisha. Lakini tukitoka makaburini leo jioni, kila mmoja apite kwa jirani yake na kumwuliza swali moja tu: sisi tukilala wote, nani atatuchotea maji? Jibu likipatikana kabla ya usiku, kamati itaona kwamba ukurasa huu umefanya kazi yake.